Usinunue Dawa Kabla ya Kujua Ugonjwa wa Injini

Wakulima wengi wa skimu za makazi wana motokaa za zamani. Ni pikapu au Land Rover iliyokwisha kutumiwa na watu wengine, nayo hubeba maziwa asubuhi, viazi na kabichi siku ya soko, na mgonjwa usiku wa manane. Motokaa ya namna hii ni mtumishi mwema ikitunzwa. Lakini huja siku inapoanza vituko. Ukisimama njia panda, injini hainguruma sawasawa. Inatetemeka, bodi yote inatikisika, na mara nyingine inazimika. Ukikanyaga mafuta ili uondoke, inasita kama punda aliyechoka mzigo, kisha inaruka kwa ghafula.

Mkulima, usidharau dalili hizo. Maziwa yasiyopozwa hayangoji gari likohoe njiani, na yakifika yameanza kuchacha yatarudishwa. Tena iko hatari iliyo kubwa kuliko hasara ya maziwa. Gari linalosita katikati ya barabara kuu, huku lori linateremka kwa kasi, laweza kuwaua watu.

Hata hivyo, fedha nyingi hupotea kwa sababu ya kutibu pasipo kupima. Tuseme mkulima anampelekea fundi wa sokoni gari lake. Fundi anafungua kabureta na kuisafisha, gari halikupona. Inanunuliwa koili mpya; gari halikupona. Mwishowe mkulima anaambiwa kwamba injini imekufa, naye anauza mtamba ili anunue nyingine. Kumbe ugonjwa ulikuwa katika waya mmoja wa plagi uliopasuka! Wewe hungekubali ng'ombe wako adungwe sindano tatu za dawa mbalimbali kabla hajapimwa. Basi usikubali injini yako itibiwe hivyo.

Maelezo haya ni ya injini za petroli za zamani zenye kabureta na distribyuta ya kontakti. Injini za dizeli, na motokaa mpya zinazoendeshwa kwa kompyuta, zina njia nyingine. Vipimo tutakavyovitaja ni vya Land Rover ya petroli ya lita 2¼, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1958 na kuendelea mpaka miaka ya 1980. Ikiwa gari lako ni la namna nyingine, fuata utaratibu huu huu, lakini vipimo uvitazame katika kitabu cha gari lako.

Silinda moja, au zote nne?

Hili ndilo swali la kwanza, nalo ni kubwa kuliko mengine yote. Ng'ombe ana chuchu nne. Ukiona mabonge ya maziwa katika chuchu moja, unajua ugonjwa uko katika chuchu hiyo. Lakini maziwa yakipungua katika chuchu zote nne, hutazami chuchu. Unatazama malisho na maji. Injini yako nayo ina silinda nne. Silinda moja ikiwa mbovu, sababu iko kwenye plagi yake, waya wake au valvu zake. Zote zikiwa dhaifu, sababu iko mahali zinapopata chakula chao pamoja: kontakti, hewa, petroli au kabureta.

Jinsi ya kupima ni hii. Liegeshe gari uwanjani mahali tambarare, si ndani ya banda. Vuta breki ya mkono na utoe gia. Kunja mikono ya shati, na mtu asiwe na sigara karibu. Washa injini mpaka ipate moto, kisha uizime. Vua waya wa plagi ya kwanza, na ncha yake uigusishe kwenye chuma cha injini na kuifunga hapo, ili umeme upate njia ya kupita wala usikupige wewe. Washa tena na usikilize. Injini ikizidi kuwa mbaya, silinda ya kwanza ilikuwa ikifanya kazi. Ikiwa hakuna tofauti yoyote, silinda hiyo ilikuwa imelala. Zima, rudisha waya, uende kwa plagi ya pili, na hivyo hivyo mpaka ya nne. Andika matokeo katika karatasi.

Ikiwa silinda moja imelala

Fungua plagi ya silinda hiyo uitazame vizuri, kwa maana plagi husema mambo mengi. Plagi yenye rangi ya udongo au kijivu ni nzima. Iliyolowa petroli haikupata cheche. Yenye mafuta meusi ya kunata yaonyesha kwamba oili inapanda ndani ya silinda, yaani ringi za pistoni au njia za valvu zimelika. Iliyo nyeupe kama chokaa yaonyesha kwamba silinda inapata hewa nyingi na petroli kidogo.

Sasa usikimbilie dukani. Chukua plagi hiyo uitie katika silinda ya jirani, na ya jirani uilete hapa. Pima tena kama mwanzo. Ikiwa ugonjwa umehama pamoja na plagi, plagi ndiyo mbovu, nunua mpya. Ikiwa ugonjwa umebaki palepale, badilishana waya kwa namna hiyo hiyo, mradi kila waya uwe na urefu wa kutosha, na kila silinda ibaki na tundu lake katika kofia ya distribyuta. Kipimo hiki hakikugharimu hata senti moja, nacho chaweza kukuokolea bei ya mtamba.

Unaporudisha nyaya, angalia usizichanganye. Katika injini hii silinda huwaka kwa mpango wa 1, 3, 4, 2, na silinda ya kwanza ni ile iliyo mbele, karibu na rejeta. Tia alama kila waya kabla ya kuuvua. Nafasi ya kurukia cheche katika plagi iwe milimita 0.75 mpaka 0.80. Kisha fungua kofia ya distribyuta uitazame kwenye mwangaza. Mstari mwembamba mweusi kama uliochorwa kwa penseli ni ufa unaopitisha umeme. Asubuhi yenye ukungu ufa huo hupata unyevu, gari likakataa, na jua likipanda likapona lenyewe. Kofia ya namna hiyo haitengenezeki, itupe.

Ikiwa cheche ni nzuri na silinda bado imelala, shaka iko kwenye valvu, pistoni au gasketi. Land Rover za aina hii zina hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono, nayo yafaa kuwa kipimo. Zima umeme kwa ufunguo, toa gia, fungua plagi zote, kisha rudisha plagi moja tu. Zungusha pole pole kwa hendeli usikie jinsi silinda hiyo inavyokinza. Fanya hivyo kwa kila silinda. Iliyo nzima hukinza kama pampu ya baiskeli iliyozibwa kwa kidole. Isiyokinza inavuja. Tia ndani yake kijiko kimoja cha oili ya injini kupitia tundu la plagi, kisha uzungushe tena. Nguvu zikirudi, ringi zimelika. Zisiporudi, valvu haifungi. Na ikiwa silinda mbili zilizo jirani hazikinzi, huenda gasketi ya kichwa cha injini imeungua kati yake.

Habari ya valvu na petroli ya sasa

Hapa pana jambo ambalo kila mwenye injini ya zamani anapaswa kulijua. Zamani petroli ilitiwa risasi, na risasi ile ililinda viti vya valvu za kutolea moshi. Tangu mwaka 2006 petroli ya risasi haiuzwi tena katika Kenya, nalo ni jambo jema kwa afya ya watoto wetu. Lakini viti vya chuma laini katika injini za zamani vinaweza kulika, hasa gari likibeba mzigo mzito na kupanda milima. Kiti kikilika, valvu huingia ndani, na nafasi yake ya juu hupungua mpaka valvu haifungi kabisa. Asubuhi injini ikiwa baridi utadhani ni nzima. Ikipata moto inaanza kutetemeka.

Nafasi ya valvu katika injini hii ni milimita 0.25 kwa valvu zote nane. Pima kwa kipimo cha vipande vyembamba vya chuma, ambacho mafundi hukiita fila. Ukikuta nafasi imekwisha, irekebishe, na mara nyingi injini itatulia siku hiyo hiyo. Andika tarehe. Ikiwa baada ya miezi michache nafasi imekwisha tena katika valvu ile ile, jua kwamba kiti kinalika, na siku kichwa cha injini kitakapofunguliwa mwambie fundi atie viti vya chuma kigumu.

Ikiwa silinda zote ni dhaifu

Anza na kontakti zilizo ndani ya distribyuta. Kontakti zilizoungua na kufanya mashimo hutoa cheche dhaifu. Zikwangue kwa msasa mwembamba, zifute, kisha zirekebishe nafasi yake iwe milimita 0.35 mpaka 0.40 zinapokuwa zimefunguka kabisa. Zikiungua tena upesi, kondensa ndiyo mbaya. Shika mwili wa distribyuta uutikise. Ukizunguka kwa mkono, skrubu ya kuukaza imelegea, na wakati wa cheche umepotea. Hilo peke yake latosha kulifanya gari lisite.

Kisha tafuta hewa ya wizi. Injini hupima hewa yake kupitia kabureta. Ikivuta hewa nyingine kwa njia ya gasketi iliyopasuka au mpira uliokauka, petroli huwa kidogo kuliko hewa, na injini hutetemeka inaponguruma pole pole. Sikiliza kama kuna sauti ya kufyonza. Chukua maji kidogo ya sabuni katika brashi, injini ikiwa inanguruma, ukapake chini ya kabureta na penye maungio ya bomba la kuingiza hewa. Mahali ambapo mlio wa injini unabadilika, hapo ndipo penye tundu. Wako watu wanaopima kwa kunyunyiza petroli. Usithubutu! Katika injini hii bomba la hewa na bomba la moshi yako upande mmoja, na bomba la moshi lina joto la kuwasha moto. Utapoteza gari, na pengine na ngozi ya mikono yako.

Uko mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta kwenda kwenye distribyuta. Kazi yake ni kuirudisha cheche mapema au nyuma kadiri ya mzigo. Uvue upande wa kabureta, unyonye kwa mdomo, kisha uzibe kwa ulimi. Ulimi ukishikwa, ni mzima. Hewa ikipita bila kukoma, ama mpira umetoboka ama ngozi ya ndani imepasuka, na hiyo ni sababu moja ya gari kusita.

Petroli

Kusita kuko kwa namna mbili, na ukizitofautisha umekwisha fanya nusu ya kazi.

Namna ya kwanza ni gari kusita mara tu unapokanyaga, kisha likaenda vizuri. Hapo shaka iko kwenye pampu ndogo iliyo ndani ya kabureta, ambayo hurusha petroli ya ziada wakati wa kukanyaga. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, ondoa chujio la hewa, tazama ndani ya kabureta, na mtu mwingine akanyage mafuta. Lazima uone uzi wa petroli ukiruka papo hapo. Usipouona, pampu hiyo imekwisha au tundu lake limeziba.

Namna ya pili ni gari kwenda vizuri mahali tambarare, lakini mlimani lenye mzigo likapungukiwa na nguvu na kukatakata. Hapo petroli haiji ya kutosha. Tazama kikombe cha kuchujia cha pampu ya petroli. Ukiona maji au kutu chini, kimwage na ukisafishe. Gari likizimika mlimani, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo, na gari likawaka tena na kwenda, basi kitundu cha kupumulia cha kifuniko kimeziba kwa vumbi. Watu wamenunua pampu mpya kwa ajili ya kitundu kilichotaka kuzibuliwa kwa sindano.

Uangalie pia unaponunua petroli. Kuchanganya petroli na mafuta ya taa kulikuwa tatizo kubwa hata mwaka 2018 serikali ikatoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwakomesha wachanganyaji. Petroli iliyochanganywa hufanya injini isite, igonge na kutoa moshi. Ikiwa gari lilianza kusumbua mara tu baada ya kujaza tangi, usifungue kitu chochote kabla hujaikumbuka petroli hiyo.

Wakulima wa nyanda za juu kama Kinangop na Ol Kalou wana jambo lao. Kwenye mwinuko wa mita 2,400 kani ya hewa imepungua kwa kadiri ya robo kuliko pwani. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa itatoa petroli nyingi mno huku juu. Plagi zote zitakuwa na masizi makavu meusi, gari litakunywa petroli na nguvu zitapungua. Kwanza hakikisha kwamba choki inafunguka kabisa na kwamba chujio la hewa ni safi, kwa maana hayo mawili huleta masizi yale yale. Kama yote ni mazuri, mwombe fundi akutilie jeti ndogo zaidi.

Kabureta iwe ya mwisho

Sasa, baada ya hayo yote, ndipo uiguse kabureta. Mtu anayezungusha skrubu za kabureta wakati plagi moja imelala, anafunika ugonjwa mmoja kwa mwingine, na baadaye atakuwa na magonjwa mawili. Injini iwe moto na choki iwe wazi. Kabla ya kuzungusha skrubu ya mchanganyiko, hesabu mizunguko mpaka inapofunga polepole, uiandike, kisha uirudishe ilipokuwa. Ndipo uizungushe robo moja moja, ukingoja kidogo kila mara, mpaka injini ingurume kwa utulivu. Ukipotea, utajua njia ya kurudi.

Land Rover nyingi za miaka ya baadaye zina kabureta ya Zenith, nayo ina ugonjwa wake unaojulikana. Uso wa kipande cha juu hupinda kwa joto, na pete ndogo ya mpira iliyo ndani huchakaa. Petroli hupita pasipotakiwa, na injini haitulii hata ukizungusha skrubu kutwa. Dawa yake ni kuweka msasa mwembamba juu ya kioo kilichonyooka, kusugua uso ule mpaka uwe sawa, na kutia pete na gasketi mpya.

Vifaa na daftari

Vifaa vya kazi hii si vingi: spana ya plagi, bisibisi, fila, msasa, brashi na kitambaa safi. Wakulima majirani wanaweza kuchanga na kuvinunua pamoja. La muhimu zaidi ni daftari. Andika siku uliyobadili plagi, nafasi ya kila valvu, na kila ulichopima hata kama kilikuwa kizima. Na kumbuka kanuni hii: badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha ujaribu. Ukibadili vitu vitatu pamoja na gari likapona, hujui kilichoponya. Na likizidi kuugua, hujui kilichoharibu.

Ziko kazi ambazo lazima umpe fundi, kama kufungua kichwa cha injini na kutia viti vya valvu. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mkulima anayefika kwa fundi na kusema, "Gari langu linasumbua," na yule anayesema, "Silinda ya tatu imelala. Nimebadilishana plagi na waya na ugonjwa haukuhama. Kwa hendeli haikinzi, na hata kwa oili nguvu hazikurudi. Nitazamie valvu." Wa kwanza ameacha mfuko wake wazi mezani. Wa pili atalipa kazi moja tu, ile inayotakiwa, na mtamba wake atabaki zizini.